Akii-Bua: Askari Polisi Aliyejenga Mgongo kwa Kizibao cha Risasi

Katika kambi na vituo vya upande wetu wa mashariki, kuanzia Tororo kupitia Petta hadi kufikia mpaka wa Busia, askari vijana wamekuwa na shauku kubwa ya kunyanyua vyuma. Jambo hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini tumewaona wengi wakishughulikia misuli ya mikono tu, ile inayoonekana katika kioo, na kuusahau mgongo, ambao mwenyewe hauoni. Kwa sababu hiyo tumechagua kuwasimulia leo maisha ya hayati John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, ambaye dunia yote ilimsifu kwa miguu yake, ilhali kazi ngumu aliyoifanya ilianzia kiunoni kwenda juu.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa 43. Katika umati wa namna hiyo mtoto hujifunza mapema kujitafutia nafasi yake. Masomo yake hayakufika mbali. Akiwa bado kijana aliingia katika jeshi la polisi mjini Kampala, na huko gwaride na mazoezi ya asubuhi yakafichua kipawa chake.

Mtu wa kwanza kumshika mkono alikuwa Jorem Ochana, afisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa mrukaji hodari wa viunzi barani Afrika. Ochana hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Ili kumzoeza kijana kuinamisha kiwiliwili anapovuka kiunzi, aliweka ufito juu ya kiunzi, akamwachia nafasi ndogo ya kupenya katikati. Aliyeinua kichwa aliupiga ufito kwa paji la uso, na Akii-Bua alibaki na kovu la mafunzo hayo maisha yake yote. Hatusemi kwamba kila mkufunzi afanye hivyo! Lakini somo lenyewe lilikuwa sahihi: mgongo usiokunjuka na kukunjika kwa amri ya mwenyewe humrusha mkimbiaji juu mno, naye hupoteza muda hewani.

Hapo mwanzo alikuwa mtu wa viunzi vya masafa mafupi, na mwaka 1968 hakupata nafasi ya kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico. Baadaye Mwingereza Malcolm Arnold, aliyekuja kuwa mwalimu wa riadha wa taifa, alimhamishia katika mita 400 kuruka viunzi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970 alitoka wa nne. Mwaka uliofuata hapakuwa na mtu duniani aliyekimbia umbali huo kwa kasi kumshinda. Hata hivyo wakuu wa riadha wa Ulaya na Marekani hawakumhesabu sana, kwa kuwa hawakuwa wamemwona mara nyingi.

Sasa tufike kwenye mazoezi yenyewe. Akijitayarisha kwa Olimpiki ya mwaka 1972, Akii-Bua alivaa kizibao kilichotiwa vipande vya risasi, yaani ile madini nzito, chenye uzito wa yapata ratili 25, au kilo 11. Akiwa amekivaa alikimbia vilima, na alikimbia mita 1,500 huku akiruka viunzi vya kimo cha sentimita 106, ingawa viunzi vya mashindano yake ni vya sentimita 91 tu. Alirudia kazi hiyo wiki baada ya wiki, kwa miezi.

Msomaji atauliza: mgongo na mikono vina kazi gani kwa mtu anayekimbia? Vina kazi kubwa. Mkimbiaji anapovuka kiunzi, mguu wa nyuma huzunguka kwa nguvu nyingi na kutaka kukipindua kiwiliwili. Kinachozuia ni mkono wa upande huo huo, ambao hutupwa mbele kisha huvutwa nyuma. Na mvuto huo hutoka katika misuli mipana ya mgongo, ile inayoanzia kiunoni na kushika mfupa wa mkono karibu na bega, huku msuli wa mbele wa mkono ukikishikilia kiwiko kikunjike. Ikichoka misuli hiyo, mtu hutua upande, hatua zake huvurugika, na kiunzi kinachofuata humkuta hayuko tayari. Kizibao kiliulazimisha mgongo kusimama imara katika kila hatua. Siku kilipovuliwa, mwili ulijiona mwepesi.

Askari anaweza kuchukua mengi hapa hata kama hataruka kiunzi maishani mwake. Kupanda kamba, kuvuka ukuta, kumburuta mwenzake aliyejeruhiwa, yote hayo ni kuvuta, na katika kuvuta mgongo na mikono hufanya kazi pamoja. Basi anayeingia katika jumba la mazoezi na aanze kwa kujivuta juu kwenye mlingoti wa chuma, au kwa kuvuta uzito kuuelekeza tumboni akiwa ameinama na mgongo umenyooka. Baada ya hapo ndipo akunje mikono kwa chuma. Akianza na mikono, misuli hiyo midogo itachoka kwanza, na mgongo hautapata sehemu yake. Ashushe uzito polepole, maana kushusha nako ni kazi. Aongeze kidogo kidogo, na aipe misuli siku mbili za kupumzika. Hiki kizibao asikikimbilie: Akii-Bua alikivaa akiwa na miaka kadhaa ya mafunzo nyuma yake, na goti la mtu asiyezoea haliwezi kustahimili.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote na humlemea mtu mrefu. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua hakubabaika. Aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, kwa hiyo hakulazimika kupunguza mwendo ili kupanga hatua. Katika mnyoosho wa mwisho, pale ambapo mabega ya wengine yalianza kukakamaa, alimpita Hemery akamaliza kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48, na Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili, Hemery wa tatu. Wenzake walikuwa wakihema. Yeye aliendelea kuzunguka uwanja akiruka kwa furaha.

Nyumbani alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin, na Walango wenzake wengi, hasa waliokuwa katika majeshi, waliuawa. Sifa zake zilimweka mahali pa hatari kwa pande zote mbili: serikali ilimwonyesha kama ushahidi kwamba Mlango aweza kustawi, na wapinzani wa serikali wangeweza kumwona kuwa mtu wake. Mwaka 1976 Uganda na mataifa mengine ya Afrika yaliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ushirikiano wa New Zealand na Afrika Kusini katika raga, na hivyo hakukutana na Edwin Moses, ambaye huko huko aliivunja rekodi yake kwa sekunde 47.64.

Utawala huo ulipokuwa ukianguka mwaka 1979, alikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake. Sisi wa pande za Tororo na Busia twajua barabara za mpakani zilivyojaa watu na mizigo mwaka ule. Bingwa wa dunia wa jana alijikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimtoa huko ikampeleka Ujerumani, akafanya kazi kwao kwa miaka kadhaa. Mwaka 1980 aliikimbilia tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, akafika nusu fainali. Hatimaye alirudi nyumbani, akafundisha vijana.

Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, mkewe akiwa amemtangulia, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri miaka 40 tangu siku ile ya Munich kabla ya kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, na aliyeileta kutoka London mwaka 2012, Stephen Kiprotich, naye alikuwa mtu wa sare: askari magereza.