Mgane na Binti Zake Watano

Kifo cha mke au mume si msiba wa siku tatu. Matanga huanuliwa, jamaa hurudi makwao, na hapo ndipo aliyebaki anapoanza kuuona ukimya wa nyumba yake. Vyungu vipo, watoto wapo, bali mwenzi aliyekuwa nguzo ya yote hayupo. Swali linalomkabili ni la machozi, tena ni la kazi: ataishije kesho, na watoto atawaleaje peke yake? Juma hili twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa matendo, naye ni Mtakatifu Louis Martin, babaye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu.

Louis alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, tarehe 22 Agosti 1823. Alipokuwa kijana aliomba kuingia utawa katika milima ya Alpi, akakataliwa kwa kuwa hakujua Kilatini. Basi akawa fundi wa saa katika mji wa Alençon. Tarehe 13 Julai 1858 alimwoa Zélie Guérin, fundi hodari wa lesi ya sindano iliyoupatia mji huo sifa, naye alikuwa na wafanyakazi wake mwenyewe. Mungu aliwajalia watoto tisa, lakini wanne waliwazika wangali wadogo. Mwaka 1870 Louis alimwuzia mpwa wake kazi ya saa, ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Ndivyo walivyofanya kazi bega kwa bega.

Zélie alikuwa amehisi uvimbe katika titi tangu mwaka 1865 au karibu na hapo. Shughuli za nyumba na biashara zilikuwa nyingi, na maumivu hayakuwa makali, basi miaka ikapita. Mwezi wa Desemba 1876 daktari alimweleza waziwazi kwamba ugonjwa umekwisha kukomaa na kupasuliwa hakutafaa kitu. Ilikuwa saratani. Juni 1877 alisafiri mpaka Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa. Alisali, akaoga katika maji yale, akarudi bila kupona. Alifariki dunia usiku wa tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45. Marie alikuwa na miaka 17, Pauline 15, Léonie 14, Céline 8, na Tereza minne na nusu tu.

Louis alikuwa na miaka 54. Alençon kulikuwa na kila kitu alichokipenda: rafiki zake, bustani yake, mito aliyozoea kuvua samaki, na makaburi ya mkewe na watoto wake wanne. Lakini aliona kwamba wasichana watano wamebaki bila mama, na kwamba wawili wakubwa, ambao wenyewe walikuwa wangali wanahitaji kuongozwa, wangebebeshwa mzigo wote. Mjomba wao, Isidore Guérin, mwuza dawa katika mji wa Lisieux, alimshauri ahamie huko, kama kilometa 90 kutoka Alençon, ili mkewe awe karibu na watoto. Wako waliomzuia Louis asiende. Yeye aliwauliza kwanza binti zake wakubwa, akapima, kisha akakubali. Katikati ya Novemba 1877 watoto walitangulia na mjomba wao. Baba akabaki nyuma kuzifunga hesabu za biashara ya marehemu, akawafuata mwisho wa mwezi.

Hapa twaomba msomaji atue kidogo. Louis hakuwagawa watoto kwa jamaa, huyu kwa shangazi na yule kwa mjomba. Aliwaweka pamoja chini ya paa moja, katika nyumba iliyoitwa Les Buissonnets. Tena alipokea msaada wa ukoo wa mkewe bila kuona haya, wala hakuuacha ubaba wake mikononi mwa shemeji. Wahenga husema yatima hadeki. Katika nyumba ile yatima alideka. Marie na Pauline waliwalea wadogo zao, na baba alimchukua Tereza matembezini kila alasiri, wakiingia kanisani kumwabudu Yesu katika Ekaristi. Jioni walicheza dama, baba akawaimbia wadogo wakiwa magotini pake, kisha wote wakasali pamoja. Kila Jumatatu maskini walibisha mlangoni, na watoto ndio waliowapelekea sadaka.

Hata hivyo, tusidhani kwamba majonzi yalikwisha upesi. Tereza, aliyekuwa mchangamfu, aligeuka mtoto wa haya na wa kulia kwa neno dogo, na hali hiyo ilidumu mpaka Noeli ya mwaka 1886, zaidi ya miaka tisa baada ya kifo cha mamaye. Muda huo wote baba yake alimvumilia. Wazazi wanaoona mtoto aliyefiwa hajatulia baada ya mwaka mmoja, na wafikiri juu ya jambo hili kabla ya kumkaripia.

Watoto aliowashika kwa nguvu siku ya msiba, aliwaachilia wakati ulipowadia. Pauline aliingia Karmeli mwaka 1882, Marie mwaka 1886, Tereza mwaka 1888 akiwa na miaka 15. Louis mwenyewe alipatwa na ugonjwa wa kupooza na wa kupotewa na akili, akalazwa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Alirudi nyumbani mwaka 1892, Céline akamwuguza mpaka alipofariki tarehe 29 Julai 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie, mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja.

Wapenzi wasomaji, maisha hayo yatufundisha mambo ya nyumbani kabisa. Mama anayehisi uvimbe katika titi asingoje mpaka kazi zipungue. Leo kuna tiba ambazo Zélie hakuzipata, nazo hufaa zaidi zikiwahi. Mume na asione ni gharama kumpeleka mkewe hospitali. Na msiba ukifika, jamaa wasikimbilie kugawana mali na watoto kana kwamba aliyebaki naye amekufa. Wamwulize kwanza anahitaji nini, kama mjomba yule alivyofanya. Kanisa halimkatazi mgane wala mjane kufunga ndoa tena. Louis hakuoa, lakini hilo si sheria kwa wote. Linalowapasa wote ni kuwatazama watoto kabla ya kujitazama wenyewe.

Sikukuu ya Watakatifu Louis na Zélie ni tarehe 12 Julai. Siku hiyo tuwaombee wajane na wagane wa parokia zetu. Na baada ya sala, twende tukawabishie hodi.