Jon Postel, Mtunza Daftari la Mitandao

Mtu anayeandika barua pepe mjini Eldoret, ikasomwa Tokyo kabla chai yake haijapoa, ni nadra ajiulize barua hiyo imeijuaje njia. Ujumbe huo huvuka mitandao mingi, na kila mmoja una mwenyewe: kampuni ya simu, chuo kikuu, idara ya serikali. Hakuna mfalme anayeitawala yote. Mitandao hiyo huelewana kwa sababu kila mmoja una nambari zake ambazo hazijapewa mwingine. Kwa zaidi ya miaka 25, mlinzi mkuu wa ukweli huo mdogo alikuwa Jonathan Bruce Postel.

Postel, ambaye wenzake walimwita Jon tu, alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, katika jimbo la California nchini Marekani. Alisomea shule ya upili ya Van Nuys, shule ileile waliyosomea Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye walikuja kuwa wenzake kazini. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1966, ya uzamili mwaka wa 1968 na ya uzamifu mwaka wa 1974. Bahati ilimkuta mahali pazuri. Mnamo Oktoba 1969, maabara ya Profesa Leonard Kleinrock chuoni humo iliunganishwa na tarakilishi ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford kupitia ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Postel alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa maabara hiyo.

Wanafunzi hao hawakuwa na mkubwa wa kuwaamulia namna tarakilishi zitakavyozungumza. Walianza kuandikiana hati walizoziita Ombi la Maoni, jina la unyenyekevu la watu waliohofu kuonekana wanatoa amri. Crocker aliandika ya kwanza Aprili 1969. Postel ndiye aliyekuwa mhariri wake, na aliendelea kuzihariri hadi kufa kwake, zilipokuwa zimepita 2,400. Mnamo Mei 1972 alipendekeza pawe na mtu mmoja wa kugawa nambari rasmi, na nusu kwa mzaha akauliza iwapo mtu huyo asiwe yeye mwenyewe. Hakuna aliyempinga. Tangu mwaka wa 1977 aliifanya kazi hiyo katika Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Baadaye ikapewa jina zito, Mamlaka ya Ugawaji wa Nambari za Intaneti. Ukweli ni kwamba mamlaka hayo yalikuwa mtu mmoja mwenye ndevu ndefu na makubadhi, pamoja na wenzake wachache, hasa Joyce Reynolds.

Uzito wa kazi hiyo haukuwa katika kuhesabu bali katika kutopendelea. Ilipobidi kila nchi ipewe herufi zake mbili, Postel hakutaka kuwa mwamuzi wa ipi ni nchi na ipi si nchi. Aliifuata orodha ya shirika la kimataifa la viwango, akaepuka ugomvi ambao ungeweza kumzika. Ni kwa utaratibu huo ambapo .ke ya Kenya iliingizwa katika orodha mwaka wa 1993.

Mwaka wa 1980, katika hati mojawapo ya itifaki, aliandika kanuni iliyokuja kumtambulisha kuliko nyingine: mtumaji awe mwangalifu katika anachotuma, na mpokeaji awe mkarimu katika anachokubali. Kwa jamii ndogo ya watafiti waliofahamiana, ilikuwa hekima tupu. Kwa soko la wageni, ukarimu huo ni mlango usiokuwa na komeo. Jambo hili lilidhihirika pale mitandao ilipoanza kuelekezana njia.

Itifaki inayoelekeza njia baina ya mitandao huru, BGP, haikuwa kazi ya Postel. Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora kwenye karatasi za mezani wakati wa chakula, mwanzoni mwa mwaka wa 1989. Hata hivyo, ilizaliwa katika jamii ileile yenye kuaminiana. Kila mtandao huwatangazia jirani zake anwani unazoweza kuzifikia. Jirani husadiki, naye huwatangazia wa kwake. Ni kama utingo anayepaza sauti kituoni kwamba gari lake linafika Nakuru: abiria hupanda bila kudai kuona leseni. Na akitokea wa pili anayetaja mtaa hasa wa abiria, huyo ndiye anayepandiwa, kwani itifaki hupendelea tangazo linalotaja eneo dogo zaidi. Tarehe 25 Aprili 1997, ruta ya kampuni ndogo katika jimbo la Virginia ilitangaza kwa makosa kwamba sehemu kubwa ya intaneti inafikiwa kupitia kwake, tena kwa vipande vidogovidogo. Data za walimwengu zikamiminika huko na kupotea. Daftari alilolianzisha Postel lilionyesha wenye anwani hizo halisi ni akina nani, ila ruta hazikuwa na njia ya kulisoma.

Miezi tisa baadaye Postel mwenyewe alionyesha jinsi neno la mtu lilivyotosha. Orodha kuu ya majina ya intaneti ilihifadhiwa katika seva 13. Seva kuu iliendeshwa na kampuni ya Network Solutions kwa mkataba na serikali ya Marekani, wakati ambapo kulikuwa na mvutano mkali kuhusu nani airithi mamlaka hiyo. Tarehe 28 Januari 1998, Postel aliwaandikia wasimamizi wa seva 8 akiwaomba wachukue nakala ya orodha kutoka kwenye tarakilishi yake badala ya ile ya kampuni. Wote walitii. Watumiaji hawakuhisi lolote kwa kuwa orodha zote mbili zilifanana. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, alihisi, akataka mambo yarudishwe yalivyokuwa. Postel alirudisha, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Wapo walioliona jaribio hilo kuwa uasi, na wapo walioliona kuwa onyo. Vyovyote iwavyo, zaidi ya nusu ya seva hizo iligeuzwa na barua pepe ya mtu mmoja, na ni uadilifu wake tu uliofanya pasiharibike kitu.

Shirika la kuipokea kazi yake, ICANN, liliundwa mwishoni mwa Septemba 1998. Postel hakuishi kuliona likisimama. Alifariki jijini Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa vali ya moyo, akiwa na umri wa miaka 55. Taazia yake iliandikwa na Vint Cerf, ikachapishwa kama Ombi la Maoni.

Daftari liliendelea kugawanywa kwa sajili za kanda, na ya Afrika, AFRINIC yenye makao Mauritius, ilitambuliwa rasmi mwaka wa 2005. Lakini udhaifu ulibaki. Tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya simu ya Pakistan, ikitekeleza amri ya kuifunga YouTube nchini humo, ilitangaza anwani za YouTube kuwa zake. Tangazo likavuka mpaka, na dunia ikaikosa tovuti hiyo kwa takribani saa mbili. Kuanzia mwaka wa 2011 sajili zilianza kutoa vyeti vya kidijitali: mwenye anwani hutia saini akitaja mtandao unaoruhusiwa kuzitangaza, na ruta huweza kulikataa tangazo linalopingana na saini hiyo. Hatimaye daftari la Postel likawa linasomwa njiani. Ila saini hizo huthibitisha mwanzo wa njia pekee, si mitandao iliyo katikati. Itifaki ya kuthibitisha kila hatua ilichapishwa mwaka wa 2017, katika mfululizo uleule wa hati alioanza kuuhariri Postel akiwa mwanafunzi. Mitandao iliyoitumia ni michache mno.