Daktari wa Jeshi Aliyetunza Siri Zaidi ya Miaka 50

Tarehe 25 Julai 1865 alifariki jijini London, kwa maradhi ya kuhara damu, ofisa mstaafu wa Jeshi la Uingereza aliyeitwa Daktari James Barry. Alikuwa Inspekta Jenerali wa Hospitali za jeshi, nacho si cheo kidogo. Mwanamke aliyeuandaa mwili kwa mazishi ndiye aliyetoboa jambo ambalo jeshi halikulijua katika miaka yote ya utumishi wake: ofisa huyo alikuwa na maumbile ya kike.

Alizaliwa mnamo mwaka 1789 mjini Cork, Ireland, akapewa jina la Margaret Bulkley. Baba yake alipofilisika, mama na binti walikwenda London kumtafuta mjomba, mchoraji mashuhuri ambaye naye aliitwa James Barry. Mjomba huyo alifariki mwaka 1806, lakini alikuwa na marafiki wenye maarifa, miongoni mwao Jenerali Francisco de Miranda, mpigania uhuru wa Venezuela, aliyekuwa na maktaba kubwa. Hao waliitambua akili ya msichana. Hata hivyo akili peke yake haikumfaa kitu, kwani katika Uingereza yote hapakuwa na chuo kikuu kilichompokea mwanamke.

Basi mwishoni mwa Novemba 1809 mama na binti walipanda merikebu kuelekea Scotland. Aliyejiandikisha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alikuwa kijana James Barry, na mama yake akajulikana kuwa shangazi. Mwaka 1812 alikamilisha tasnifu yake, kwa Kilatini, juu ya ngiri ya paja. Wakuu wa chuo walisita kumtahini kwa kumwona mdogo mno, hana hata dalili ya ndevu, mpaka mlezi wake, Lord Buchan, alipomwombea. Waandishi wa maisha yake hudhani kuwa alikusudia kwenda Venezuela akatibu huko kama mwanamke, lakini mwaka huohuo Miranda alikamatwa, na mlango huo ukafungwa. Alijiunga na jeshi mwaka 1813.

Rasi ya Tumaini Jema, alikofika mwaka 1816, ndiko alikojipatia sifa. Alipigania usafi wa magereza, chakula bora kwa wagonjwa wa ukoma, na sheria ya kuwazuia wasio na ujuzi kuuza dawa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nyembamba na hasira za karibu. Alipambana kwa bastola na ofisa mwenziwe, Josias Cloete, kama ilivyokuwa desturi ya maofisa wa zama hizo, kisha wakawa marafiki. Mwezi Julai 1826 aliitwa usiku kwa mama wa ukoo wa Munnik, aliyeshindwa kujifungua. Barry alimpasua tumbo bila dawa ya usingizi, ambayo ilikuwa haijapatikana duniani, na mama na mtoto wote wawili wakapona. Mtoto aliitwa James Barry Munnik. Jina hilo lilirithiwa katika ukoo hadi kwa J. B. M. Hertzog, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini tangu 1924 hadi 1939.

Baadaye alihudumu Mauritius, Jamaica, St Helena, Malta na Corfu. Wakati wa vita vya Crimea alifika Scutari, akamkemea Florence Nightingale hadharani, na mama huyo hakumsahau. Kanada, tangu 1857, aliwatafutia askari chakula na matandiko bora, pamoja na vyumba vya faragha kwa wenye wake. Askari yeyote aliyelala bwenini na jamaa yake, pazia tu likimtenga na wenziwe, ataelewa thamani ya jambo hilo.

Leo vyuo vikuu vinavyofundisha masomo ya wanawake na jinsia, kama Makerere ilivyofanya tangu 1991, huliona suala lake kuwa gumu. Je, alikuwa mwanamke aliyevaa sare ili asome, au alijiona mwanamume hasa? Wanaoandika kwa Kiingereza hulazimika kuchagua kiwakilishi, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kiswahili hakitulazimishi. Lililo wazi ni kwamba barua za ujana wake, zilizochunguzwa na daktari Michael du Preez wa Afrika Kusini, zilithibitisha kuwa Margaret na James ni mtu mmoja.

Daktari wa jeshi, Meja McKinnon, aliyetia sahihi hati ya kifo, alikuwa ameandika kuwa marehemu ni mwanamume. Alipoulizwa, alijibu kuwa jambo hilo halikumhusu. Barry alizikwa Kensal Green kwa jina na cheo chake. Chuo cha Edinburgh kiliwatunuku wanawake shahada kwa mara ya kwanza mwaka 1893, miaka 81 baada ya kumpa yeye ya kwake.