Naftali Temu, Mwanagenzi wa Masafa Marefu

Marehemu Naftali Temu, mwana wa Abagusii kutoka Nyamira aliyezaliwa mwaka 1945, hukumbukwa kama Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Sifa hiyo ni haki yake, ila imefunika jambo jingine lenye uzito, nalo ni jinsi alivyokubali kuwa mwanagenzi mbele ya macho ya ulimwengu.

Mnamo Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 19, Temu alishiriki mbio za mita 10,000 mjini Tokyo, akashindwa kuzikamilisha. Mwingine angeona haya na kujificha. Yeye, juma moja baadaye, alijitosa katika marathoni na kumaliza wa 49.

Miaka miwili baadaye, huko Kingston, Jamaika, aliibuka mshindi wa mbio za maili 6 katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akimwacha nyuma Ron Clarke wa Australia, mshikilizi wa rekodi ya dunia.

Tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico City, alizirudia zile zile mita 10,000 zilizomshinda Tokyo. Mji huo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na uhaba wa hewa uliwalemea wengi. Clarke alimaliza wa 6, akazirai. Kipchoge Keino alianguka kwa maumivu ya tumbo mbio zikielekea ukingoni. Katika mzunguko wa mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alichomoka. Temu akamwandama, akampita karibu kabisa na utepe. Walitofautiana kwa muda usiotimia sekunde 1.

Siku 4 baadaye alipata shaba katika mita 5,000. Kisha, jambo ambalo bingwa mwenye kujali jina lake angeliepuka, aliingia tena katika marathoni. Wolde, yule aliyeshindwa naye juma lililotangulia, ndiye aliyeshinda. Temu alikuwa wa 19. Ikilinganishwa na ile 49 ya Tokyo, si haba.

Temu aliaga dunia tarehe 10 Machi 2003. Tangu siku ile ya Mexico hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000.