Johan de Witt: Mtumishi wa Jamhuri Aliyeuawa na Umati

Johan de Witt alizaliwa tarehe 24 Septemba 1625 mjini Dordrecht, katika jimbo la Holland. Baba yake, Jacob, alikuwa mfanyabiashara wa mbao na kiongozi wa mji. Johan alisoma sheria na hisabati mjini Leiden, akapata udaktari wa sheria huko Angers, Ufaransa, mwaka 1645.

Wakati huo Uholanzi ilikuwa jamhuri ya majimbo saba. Kila jimbo lilikuwa na baraza lake, lakini ukoo wa Orange ulishika kwa vizazi cheo cha stadhouder, yaani mkuu wa jimbo na amiri jeshi. Mwaka 1650 Willem II wa ukoo huo aliwafunga viongozi sita wa Holland waliompinga, Jacob akiwa mmoja wao. Miezi michache baadaye Willem alifariki kwa ndui, na mwanawe akazaliwa siku nane baada ya kifo hicho. Holland ikaamua kukaa bila stadhouder.

Mwaka 1653, akiwa na miaka 27, Johan alichaguliwa kuwa mshauri mkuu wa baraza la Holland. Kwa cheo alikuwa mtumishi wa baraza, lakini kwa kazi ndiye aliyeiongoza jamhuri kwa miaka 19. Mwaka 1654 alifanya amani na Uingereza, kisha akaimarisha jeshi la majini. Vita viliporudi, mwaka 1667 meli za Waholanzi ziliingia mto Medway na kuzichoma meli za Waingereza. Kaka yake Cornelis alikuwa katika msafara huo. Hata hisabati aliitumia kwa faida ya umma: mwaka 1671 alionyesha jinsi serikali inavyopaswa kukadiria malipo ya kila mwaka kwa waliokuwa wameikopesha fedha, kwa kuzingatia umri wao.

Hata hivyo, jeshi la nchi kavu lilidhoofika. Johan alihofia kwamba jeshi lenye nguvu lingemrudisha mwana wa Willem madarakani. Mwaka 1672 Ufaransa, Uingereza, na maaskofu watawala wa Münster na Cologne waliishambulia jamhuri kwa pamoja. Ngome zilianguka moja baada ya nyingine, na watu wakamlaumu Johan. Mwezi Juni alichomwa visu barabarani. Mwezi Agosti akajiuzulu. Kijana Willem III akawa stadhouder.

Cornelis naye alishtakiwa kwamba alipanga kumuua Willem. Aliteswa, lakini hakukiri. Tarehe 20 Agosti alihukumiwa kwenda uhamishoni, na Johan akaenda kumchukua gerezani mjini The Hague. Askari waliokuwa wakiuzuia umati waliondolewa, na ndugu hao wawili wakaburutwa nje na kuuawa. Willem hakuwaadhibu wauaji. Baadhi yao walituzwa.

Johan aliijenga jamhuri juu ya sheria na mabaraza. Siku aliyoihitaji sheria imlinde, hakuna aliyeisimamia.