Claude Monet, Mchoraji wa Mwanga

Ndugu msomaji, kama unakaa Babati umeutazama Mlima Kwaraa mara nyingi. Asubuhi na mapema mlima huo huonekana kama wa buluu. Saa sita mchana huwa kijani. Jioni rangi yake hugeuka tena. Je, mlima umebadilika? Hapana, mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni mwanga. Sasa soma habari za mtu aliyetumia maisha yake kuchora mabadiliko hayo.

Utoto wake

Claude Monet alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1840. Alipokuwa mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Le Havre, mji wenye bandari. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Claude hakupenda sana shule, alipenda kuchora. Akiwa kijana alichora picha za kuchekesha za watu wa mji, akaziuza. Kisha mchoraji mmoja, Eugène Boudin, akamfundisha kutoka nje na kuchora pwani, chini ya jua.

Siku hizo wachoraji wengi walimalizia picha zao ndani ya nyumba. Lakini rangi zilikuwa zimeanza kuuzwa katika tyubu ndogo, kama dawa ya meno. Kwa hiyo Monet aliweza kuzitia mfukoni na kwenda nazo mpaka shambani au mtoni.

Picha iliyochekwa

Mwaka 1872 Monet alichora bandari ya Le Havre alfajiri. Mwaka 1874 yeye na wenzake walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris, akaionyesha picha hiyo. Watu wengi walicheka. Waliona kwamba haijakamilika. Katika jina la picha, Monet alikuwa ametumia neno lenye maana ya kile ambacho jicho hupata kwa mara moja. Mwandishi mmoja wa gazeti akalichukua neno hilo, akawaita wachoraji wale Waimpresionisti. Ilikuwa dhihaka. Baadaye wenyewe walilikubali, na mpaka leo dunia inawajua kwa jina hilo.

Ukiiona picha hiyo, itazame hivi. Kwanza isogelee. Utaona alama za brashi tu, moja hapa na nyingine pale. Sasa rudi nyuma hatua chache. Alama zitaungana machoni pako. Utaona ukungu, maji, mitumbwi miwili mitatu, na jua jekundu linalochomoza. Usihesabu makasia wala kamba. Jiulize: ni saa ngapi? Kuna baridi? Mvuvi wa Ziwa Babati aliyewahi kuingia majini alfajiri ataelewa mara moja.

Taabu na uvumilivu

Kwa miaka mingi Monet alikuwa maskini. Picha zake hazikununuliwa vya kutosha, akaishi kwa madeni na msaada wa marafiki. Mwaka 1879 mke wake, Camille, alifariki, akamwachia watoto wawili wa kiume. Hata hivyo Monet hakuacha kazi yake.

Mwaka 1883 alihamia kijiji cha Giverny. Karibu na nyumba yake palikuwa na shamba la jirani. Baada ya mavuno, wakulima walipanga ngano katika malundo makubwa, wakayafunika kwa majani makavu, wakingoja kupura. Wewe mkulima unajua thamani ya lundo kama hilo: ni chakula cha mwaka mzima.

Mwaka 1890 na 1891 Monet aliyachora malundo hayo karibu mara 25. Aliyachora asubuhi, jioni, na wakati wa theluji. Aliweka picha kadhaa tayari. Mwanga ulipobadilika, aliacha moja akashika nyingine. Tazama vivuli katika picha hizo. Si vyeusi. Ni vya buluu na zambarau. Toka nje leo jioni ukavichunguze vivuli vya nyumba yako.

Safari hii watu hawakucheka. Picha 15 za malundo zilionyeshwa Paris mwaka 1891, zikanunuliwa upesi. Mwaka 2019 mojawapo iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 110 za Marekani.

Macho yake

Uzeeni Monet alipatwa na mtoto wa jicho. Rangi zilianza kumpotea. Kwa mtu aliyeishi kwa macho yake, hilo lilikuwa pigo kubwa. Aliogopa kupasuliwa, akachelewa. Mwishowe alipasuliwa jicho moja mwaka 1923, akarudi kazini. Aliendelea na picha kubwa za mayungiyungi ya bwawani kwake, alizolipa taifa la Ufaransa. Alifariki Giverny tarehe 5 Desemba, 1926.

Ndugu msomaji, wewe ukiona ukungu machoni, usichelewe. Nenda hospitali. Mtoto wa jicho hutibika.

Monet hakuchora wafalme wala vita vilivyosifiwa na wachoraji wa zamani. Alichora shamba, maji na jua, vitu ambavyo mkulima huviona kila siku.

Maswali

1. Kwa nini watu waliicheka picha ya mwaka 1874?
2. Kwa nini Monet alichora malundo yale yale mara nyingi?
3. Utazame Mlima Kwaraa asubuhi, mchana na jioni. Andika rangi ulizoziona.