Eisenhower: Jenerali aliyeshinda vita, akatekwa na gofu

JOHN F. Kennedy alipoingia katika ofisi ya Rais wa Marekani Januari 1961, alikuta sakafu imejaa vitundu vidogo vidogo. Haikuwa kazi ya mchwa. Zilikuwa alama za viatu vya gofu vyenye njumu, zilizoachwa na mtangulizi wake, Dwight David Eisenhower. Kwa miaka kadhaa kiongozi huyo alikuwa akiinuka mezani, anatoka mlango wa bustanini kwenda kupiga mipira, kisha anarudi kwenye mafaili yake bila kuvua viatu.

Dunia inamkumbuka kama jemadari aliyeongoza majeshi ya nchi washirika kutua Normandy, Ufaransa, Juni 6, 1944. Katika ukanda huu wa Maziwa Makuu, jina lake linatajwa zaidi katika mkasa wa Patrice Lumumba. Katikati ya sura hizo mbili kuna mtu aliyependa mchezo mmoja kupita kiasi. Aliuanza akiwa mtu mzima, hakuwahi kuumudu sawasawa, na hakuweza kuuacha.

Goti lilivyomfikisha uwanjani

Eisenhower alizaliwa Oktoba 14, 1890 katika mji wa Denison, Texas, akakulia Abilene, Kansas, katika familia ya kipato kidogo yenye watoto wa kiume watupu. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa mpira wa miguu wa Kimarekani. Alipojiunga na chuo cha kijeshi cha West Point alianza kutajwa kama mchezaji mwenye mustakabali mzuri, lakini mwaka 1912 aliumia goti vibaya na ndoto hiyo ikafa. Alihitimu 1915 akiwa na goti bovu na kiu ya michezo isiyokwisha.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Januari 1921, pale mtoto wake wa kwanza wa kiume, Doud Dwight, alipofariki dunia akiwa na umri wa miaka mitatu kwa homa ya vipele vyekundu. Baba aliubeba msiba huo maisha yake yote, na njia yake ya kubeba mambo mazito ilikuwa kujitupa kazini.

Mwaka 1925 jeshi lilimpeleka Fort Leavenworth, Kansas, kusomea ukamanda. Masomo yalikuwa magumu, na mwaka uliofuata alimaliza akiwa wa kwanza kati ya maofisa 245. Huko ndiko alikoanza kucheza gofu kwa dhati. Ulikuwa mchezo unaomfaa mtu asiyeweza tena kukimbia: unatembea, unasimama, unapiga mpira mdogo, unaufuata. Kwa nje unaonekana rahisi. Kwa anayeujaribu, mpira ule ule uliokwenda vizuri jana leo unaingia vichakani, na hakuna wa kulaumiwa ila mpigaji mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wananasa. Mchezaji wa kujifurahisha anaweza kupiga vibaya mara 90, akapiga vizuri mara moja, na ile moja ndiyo itakayomrudisha wiki ijayo. Eisenhower alikuwa wa kundi hilo. Hata wakati wa vita, alipopewa nyumba ndogo ya mapumziko nje ya London karibu na uwanja wa Coombe Hill, alitoroka mara mojamoja kupiga mipira michache kabla ya kurudi kwenye ramani.

Wiki mbili Augusta

Aprili 1948, baada ya kuacha ukuu wa majeshi ya nchi kavu, alikwenda na mkewe Mamie kupumzika katika klabu ya Augusta National, Georgia. Wiki mbili hizo zilimaliza kazi. Alijiunga na klabu hiyo mwaka huohuo, akapata marafiki wafanyabiashara wakubwa waliokuja kumsaidia kisiasa, akiwamo Clifford Roberts, mwenyekiti wa klabu. Alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 1952, alikwenda huko kupumzika mara tu baada ya uchaguzi. Katika miaka minane ya urais alirudi mara 29, na klabu ikamjengea nyumba yake.

Ilikuwa klabu ya matajiri weupe, katika jimbo la ubaguzi, ambako waliobeba mikoba ya fimbo walikuwa watu weusi. Mwanachama wa kwanza mweusi alikubaliwa 1990, zaidi ya miaka 20 baada ya Eisenhower kufa.

Kiwango chake kilikuwa cha kawaida. Kumaliza mashimo 18 kwa mipigo 80 na kitu kulimfurahisha, na kushuka chini ya 80 ilikuwa sikukuu. Goti lilimzuia kugeuza mwili ipasavyo, na hasira zake zilijulikana. Daktari wake, Howard Snyder, alikuwa akimtazama kwa wasiwasi kila mpira ulipopotea.

Adui yake mkubwa Augusta hakuwa mchezaji mwenzake. Ulikuwa msonobari mmoja upande wa kushoto wa njia ya shimo la 17, ambao aliugonga mara nyingi kiasi kwamba mwaka 1956, katika mkutano wa klabu, alipendekeza ukatwe. Roberts hakutaka kumkatalia Rais wa nchi waziwazi wala kuukata mti. Akaufunga mkutano papo hapo. Mti ukabaki, ukaitwa kwa jina lake. Mtu aliyeamuru majeshi ya mataifa kadhaa alishindwa kuuondoa mti mmoja.

Kindi wa Ikulu

Mwaka 1954 chama cha gofu cha Marekani kilimtengenezea kiwanja kidogo cha mazoezi kwenye bustani ya Ikulu, hatua chache kutoka ofisini. Kindi wa bustani hiyo, waliozoea kulishwa na watu, wakaanza kuchimba nyasi na kufukia karanga zao. Rais alikasirika, akataka waondolewe. Walipoanza kutegwa na kuhamishwa, Seneta Richard Neuberger wa Oregon alianzisha mchango wa kuwaokoa, na kwa muda taifa lenye mabomu ya nyuklia likajadili kindi.

Utani haukuishia hapo. Inakadiriwa kuwa alicheza karibu mara 800 akiwa madarakani, mara nyingi Jumatano mchana na Jumamosi katika klabu ya Burning Tree, nje kidogo ya Washington. Wapinzani walibandika kwenye magari maneno ya kejeli kwamba kama nchi lazima iongozwe na mcheza gofu, basi achaguliwe bingwa Ben Hogan, angalau yeye anajua kucheza. Kwa upande mwingine, Wamarekani wengi wa kawaida walivutiwa. Waliona mzee mwenye kazi ngumu kuliko zao akikosa mpira kama wao, nao wakanunua fimbo.

Usiku wa Denver

Septemba 23, 1955, akiwa likizoni Colorado, alicheza mashimo 27 katika klabu ya Cherry Hills, Denver. Mchezo ulikatizwa mara kadhaa na simu za wizara ya mambo ya nje, naye akazidi kuudhika. Mchana alikula mkate wa nyama na vitunguu vibichi. Usiku kifua kikambana. Mwanzoni ilidhaniwa tumbo limevurugika. Kumbe ulikuwa mshtuko wa moyo.

Alilazwa hospitali ya jeshi ya Fitzsimons kwa takriban wiki saba. Jumatatu iliyofuata, Septemba 26, soko la hisa la New York lilianguka kwa zaidi ya asilimia 6 kwa siku moja. Moyo wa mtu mmoja ulikuwa umeitikisa fedha ya dunia.

Wengi walitarajia madaktari wapige gofu marufuku. Bingwa wa moyo aliyeitwa, Paul Dudley White, alikuwa na mtazamo tofauti na wa wakati ule: mgonjwa atembee, afanye mazoezi, arudi kwenye maisha. Mapema 1956 Eisenhower alikuwa uwanjani tena, na Novemba akashinda muhula wa pili. Mchezo uliodhaniwa kumwangusha ukawa sehemu ya tiba yake.

Mizigo iliyomfuata uwanjani

Lakini kazi ya urais hailali. Septemba 1957, gavana wa Arkansas, Orval Faubus, alipotumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya Little Rock, Eisenhower alikuwa mapumzikoni Newport, Rhode Island. Alikutana na gavana huyo hukohuko Septemba 14, akiamini mazungumzo yangetosha. Hayakutosha. Septemba 24 alirudi Washington kulihutubia taifa na kutuma askari wa miavuli kuwasindikiza watoto darasani. Waliomlaumu walisema alichelewa.

Mwaka wake wa mwisho uliigusa Afrika moja kwa moja. Congo ilipata uhuru Juni 30, 1960, na ndani ya siku chache jeshi likaasi, askari wa Ubelgiji wakarudi, na Katanga ikajitenga. Sehemu kubwa ya Julai hiyo Eisenhower alikuwa tena Newport, asubuhi akipitia mafaili, kisha akienda uwanjani. Waziri Mkuu Lumumba alipofika Washington mwishoni mwa mwezi kuomba msaada, Rais hakuwapo mjini. Alipokewa na Waziri wa Mambo ya Nje, Christian Herter, na hakupata alichokifuata.

Si haki kusema kwamba gofu ndiyo iliyomfungia Lumumba mlango. Uamuzi ulikuwa wa kisiasa: Washington ilimwona kama daraja la Urusi kuingia katikati ya Afrika. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church iliona kuwa ushahidi uliopo unatosha kudhani kwamba mpango wa shirika la ujasusi la CIA wa kumuua Lumumba ulipata baraka za Eisenhower, ingawa haikupata uthibitisho kamili. Sumu iliyopelekwa Congo haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga usiku wa Januari 17, 1961 na askari wa Katanga, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Siku hiyohiyo Eisenhower alitoa hotuba yake ya kuaga, akiwaonya Wamarekani juu ya nguvu ya jeshi na viwanda vya silaha.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kiongozi anahitaji mahali pa kutua mzigo, na Eisenhower alipata pake kwenye nyasi. Lakini mzigo alioutua yeye kwa saa chache, watu wa Congo hawakuwa na pa kuutua.

Shimo la 13

Alipostaafu aliishi shambani kwake Gettysburg, Pennsylvania, na majira ya baridi akaenda jangwani California kucheza. Bingwa Arnold Palmer akawa rafiki yake wa karibu; Septemba 1966, Palmer alipotimiza miaka 37, mzee alitokea mlangoni kwake bila taarifa, mkononi ana picha aliyoichora mwenyewe.

Februari 6, 1968, akiwa na miaka 77, alisimama kwenye shimo la 13 la uwanja wa Seven Lakes, Palm Springs, umbali wa yadi 104. Alipiga mara moja, mpira ukatumbukia shimoni. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kujaribu. Miezi michache baadaye moyo ulimwangusha tena. Alifariki dunia Machi 28, 1969 katika hospitali ya Walter Reed, Washington, akazikwa Abilene.

Msonobari wa Augusta uliishi karibu miaka 45 zaidi yake. Februari 2014 dhoruba ya barafu iliuvunja matawi, na klabu ikaamua kufanya kile ambacho Rais aliomba mwaka 1956. Ikaukata.